Makumbusho ya uwanja wa ndege San Francisco: vijiko kibao, sasa ndege yenyewe iko wapi?

Kibegi Mgongoni (mleta mada)

Wakuu habari za saa hizi. Nina swali linaweza kuonekana la kishamba ila bora niulize mnicheke kuliko kubaki nalo.

Mwezi uliopita nilipita San Francisco kuunganisha ndege, nikawa na masaa saba ya kukaa tu, simu chaji kwisha, soketi zote zina wenyewe, nikaamua kuzurura terminali ya kimataifa upande wa nje kabla hujapita sikyuriti. Nikaona mlango umeandikwa makumbusho ya usafiri wa anga, kiingilio hakuna, nikasema hapa ndo pa kuulia muda. Kuingia ndani nakuta ukumbi umetulia, dari liko juu huko, kama lobi ya hoteli ya kizamani hivi, na makabati ya vioo kila upande. Nikaenda na moto wangu kutafuta ndege. Wakuu, nilichokuta ni vijiko.

Vijiko, uma, vikombe, sahani, menyu za chakula, tiketi za karatasi, vibegi vya mkononi vya mashirika yaliyokufa zamani, beji za mabawa za marubani, vindege vya modeli vya kuweka mezani, na yale masanamu ya dukani yamevalishwa yunifomu za wahudumu. Kikombe kimoja nilikikodolea macho kama dakika tano. Cheupe, kidogo, kimechorwa dunia yenye mabawa, ukingoni kina ufa mwembamba kama unywele, na kimepewa taa yake peke yake utadhani taji la mfalme. Nikasema jamani si kama hiki mama anacho kabatini, kinatoka wageni wakija.

Sasa naomba kueleweshwa. Hii ni makumbusho kweli au ni mapambo ya kuwatuliza abiria? Kama ni historia ya anga, ndege iko wapi? Halafu nilipopita ndani kwenda kupanda ndege ya ndani ya nchi nikakuta manyavu makubwa ya rangi ya waridi na zambarau yananing'inia kutoka darini, yanachezacheza kwa upepo, watoto wanakanyagana kufukuza vivuli vyake sakafuni. Hayo nayo ni historia ya anga?

Nauliza manake narudi tena njia hiyohiyo wiki tatu zijazo, nitakuwa na masaa matano. Niingie tena au nitafute pa kulala? Nawasilisha.

---

Mzee wa Kona

Mkuu hapo hamna siri. Eapoti ina hela nyingi kuliko kazi, kuna mtu alikuwa na vyombo vya bibi yake akawauzia wakaweka taa. Wangeongeza soketi.

---

Rubani wa Sofa

Mzee wa Kona umeanza mapema leo lol. Mleta mada swali lako siyo la kishamba hata kidogo, tena umeuliza kitu chenyewe kabisa bila kujua. Ngoja nikushushie, shika chai.

Ile dunia yenye mabawa uliyoiona kwenye kikombe ni nembo ya zamani ya Pan American, Pan Am kwa kifupi. Na kile kikombe kuwekwa San Francisco siyo bahati mbaya. Tarehe 22 Novemba 1935 ndege yao moja inaitwa China Clipper iliondoka kwenye ghuba hiyohiyo ya San Francisco, upande wa Alameda, kupeleka barua Manila. Ndo mara ya kwanza ndege ya biashara inavuka Pasifiki. Na haikuwa ndege ya matairi, ilikuwa ndege boti, aina ya Martin M-130, tumbo lake ni la mashua kabisa, inaruka kutoka majini na inatua majini. Ilibeba barua zaidi ya laki moja na mafuta ya kutosha safari, ikawa nzito kiasi kwamba mpango wa kupita juu ya daraja la Bay Bridge lililokuwa bado linajengwa ukashindikana, rubani Ed Musick akaona haipandi, akaipitisha CHINI ya daraja, katikati ya makebo yananing'inia. Hebu fikiria uko kule chini unapunga mkono.

Kwanini boti? Kwasababu katikati ya Pasifiki kote kule wangetua wapi? Honolulu sawa, ila baada ya hapo ni Midway, Wake na Guam, visiwa ambavyo ukivitafuta kwenye ramani unahitaji miwani. Wake hakukuwa na mtu anaishi. Mapema mwaka huohuo Pan Am walikodi meli ikapeleka mbao, mafuta, mitambo ya redio na mafundi, wakajenga vituo kutoka sifuri, baadaye wakaweka na hoteli ili abiria wapate pa kulala. Kipande cha kwanza tu mpaka Honolulu kilichukua karibu masaa 21. Leo unatoka hapohapo unafika ndani ya masaa matano na nusu hivi na unalalamika kiti hakilali. Mpaka Manila walitumia kama masaa 60 angani yaliyogawanywa kwa siku saba. Oktoba 1936 ndo wakaanza kuchukua abiria wa kulipa, nauli dola 799 kwenda tu, hela ya kununulia gari jipya na chenji inabaki miaka ile. Na kabla hujapanda unapimwa wewe mwenyewe kwenye mizani, siyo begi tu.

Sasa swali lako, ndege iko wapi. HAKUNA. M-130 zilitengenezwa tatu tu duniani. Hawaii Clipper ilipotea Julai 1938 kati ya Guam na Manila, mpaka leo haijaonekana. Philippine Clipper iligonga mlima California Januari 1943. China Clipper yenyewe ilivunjika ikitua Port of Spain Januari 1945. Zikaja Boeing 314, kubwa zaidi, zina chumba cha kulia chenye vitambaa vyeupe na vitanda vya kulala, hizo zilitengenezwa 12, na kufika 1951 hakuna hata moja iliyobaki, zilizosalimika vitani nyingi zikauzwa zikakatwa chuma chakavu.

Kwa hiyo mkuu kikombe chenye ufa unachokicheka ndo ndege yenyewe iliyobaki. Menyu, kijiko, tiketi, barua yenye muhuri wa safari ya kwanza, basi. Hakuna makumbusho yoyote duniani inayoweza kukuonyesha M-130 nzima hata iwe na hela kama za nani.

---

Kibegi Mgongoni

Aisee. Zote?? Hiyo ya kupita chini ya daraja umenimaliza. Mimi nilipita pale natafuna karanga.

---

Mama Skafu

Wanangu hamjambo. Mimi niliwahi kuwa mhudumu wa ndege miaka mingi iliyopita, shirika silitaji, nimestaafu nafuga kuku sasa. Huwa sichangii ila hii ya masanamu yenye yunifomu imenigusa.

Mleta mada rudi, na ukirudi usimame kwenye zile nguo, usipite kama unapita duka la mitumba. Mhudumu wa kike wa kwanza kwenye ndege alianzia hapohapo ghuba ya San Francisco, Ellen Church, 15 Mei 1930, safari ya kwenda Chicago, masaa 20 na vituo 13 njiani, abiria 14. Alikuwa nesi, na alikuwa amesomea urubani, kazi aliyokuwa anaitaka ni ya kurusha ndege. Wakamkatalia. Akawaambia basi chukueni manesi, watu wanaogopa kupanda, wakimuona nesi watatulia. Wakakubali, wakaajiriwa wanawake nane. Masharti: uwe nesi, hujaolewa, chini ya miaka 25, uzito usizidi paundi 115, ambayo ni kilo 52, na urefu usizidi futi 5 inchi 4 kwasababu ndani ya ndege yenyewe dari ilikuwa chini. Mshahara dola 125 kwa mwezi. Na kazi siyo kumimina kahawa tu, walikuwa wanakaza skrubu za viti vilivyolegea, wanasaidia kuweka mafuta na kusukuma ndege iingie banda. Nje walivaa suti ya sufu ya kijani na joho fupi begani, ndani ya ndege wanavaa za kinesi.

Ukizifuata zile nguo mwaka kwa mwaka unaona kabisa shirika linamtaka nani. Kwanza nesi. Vita ikaja, mabega yakawa ya kijeshi, vifungo vya shaba. Miaka ya sitini ndege za jeti zimeingia na kila shirika lina ndege ileile na nauli zinapangwa na serikali, sasa utashindana kwa nini? Kwa msichana. Mwaka 1965 shirika la Braniff walimchukua Emilio Pucci, mbunifu Mwitaliano, akawatengenezea rangi za kupiga kelele na mpaka kofia ya plastiki ya kuonekana ndani, duara kama tufe la samaki, eti mvua isiharibu nywele wakati unatembea kwenda kwenye ndege. Haikudumu, ndani ya ndege hakuna pa kuliweka lidude kama lile na madaraja ya kufunikwa ya kuingilia ndege yalishaanza kuwekwa viwanjani. Mashirika ya kule California nayo yakaleta sketi fupi kupindukia, mwanzoni mwa sabini wakaleta na vikaptura. Umeolewa, huna kazi. Umefika umri wao, huna kazi. Mpaka ile sheria ya haki za kiraia ya 1964 wanawake wakaanza kuitumia mahakamani ndo mambo yakafunguka taratibu.

Mimi nilikuta mengine yameisha ila mizani niliikuta. Kila mwezi unapanda, msimamizi anaandika. Nikiona ile nguo kiuno kimebanwa vile kwenye sanamu najua aliyeivaa hakula mchana.

San Francisco waliwahi kuweka maonyesho makubwa ya yunifomu tupu mwaka 2016. Mimi nilibahatika kuona picha tu. Wabunifu wakubwa wote walipita huko, Balenciaga aliwashonea Air France mwaka 1969, Pierre Balmain ndo aliyewapa Singapore Airlines lile vazi lao la kebaya. Ukienda angalia kwapa na upindo wa mkono, utaona palipoisha. Nguo zilifanyiwa kazi zile.

---

Kibegi Mgongoni

Shikamoo mama. Sina la kuongeza, nitasimama.

---

Mama Skafu

Marahaba mwanangu.

---

Mzee wa Kona

Sawa vikombe nimeelewa na nguo nimeelewa, Mama Skafu heshima yako. Ila bado sijajibiwa nyavu. Nyavu zimerusha ndege gani? Kwanini nilipe nauli nikanunue nyavu za kuning'iniza juu? Kazi ya uwanja ni ndege iondoke kwa wakati.

---

Taa Hafifu

Nafanya kazi za kuandaa maonyesho kwenye makumbusho (siyo hiyo, na siyo ya ndege) kwa hiyo hapa naweza kuchangia kidogo.

Mzee wa Kona kwanza mnachanganya vitu viwili. Makumbusho ya pale ni idara ya uwanja wenyewe, ilianza mwaka 1980 kwa kushirikiana na makumbusho ya sanaa ya mji, wana sehemu za maonyesho zaidi ya 20 zimetawanyika kwenye terminali zote, nyingine nje nyingine ndani baada ya ukaguzi, na wanaonyesha siyo ndege tu, leo utakuta viti, kesho redio za zamani, keshokutwa vyungu. Mwaka 1999 walipata ithibati ya chama cha makumbusho cha Marekani, makumbusho ya kwanza ya ndani ya uwanja wa ndege kuipata, na ithibati ile hawagawi kama pipi, wanakukagua stoo, rejista, joto, unyevu, kila kitu. Hivyo jibu la mleta mada ni ndiyo, ni makumbusho kweli. Mkusanyiko wao wa usafiri wa anga una vitu zaidi ya laki moja, unachokiona kabatini ni tone. Wana na maktaba palepale na picha nyingi wameziweka mtandaoni.

Nyavu ni habari nyingine. Hiyo ni kazi ya Janet Echelman, iko Terminali 2 tangu 2011, pale unapotoka kwenye ukaguzi unavaa viatu na mkanda. Imewekwa hapo makusudi, mtu ametoka kuvuliwa viatu moyo unadunda, anainua macho. Hiyo inatoka kwenye hela ya sanaa ya umma ya mji, na mji wa San Francisco una sheria tangu 1969 kwamba ukijenga jengo la umma asilimia mbili ya gharama ya ujenzi inaenda kwenye sanaa. Kwa hiyo siyo mkurugenzi ameamka na hamu ya nyavu, ni sheria, na uwanja ni mali ya mji.

Sasa kitu kingine ambacho watu hawakioni. Mleta mada umesema kikombe kina taa yake na ukumbi umetulia, na nina uhakika uliona nguo ziko gizagiza. Si ndiyo? Nguo na karatasi hatuziwekei mwanga zaidi ya laksi 50 hivi, ni kama mwanga wa sebule jioni umewasha taa moja. Mwanga ukila rangi hairudi. Hariri ikikaa kwenye jua la dirisha la eapoti miezi michache tu umeipoteza, na eapoti yenyewe ni vioo vitupu. Ndo maana vitu vinatolewa vinarudishwa stoo kupumzika, vinaingia vingine. Kabati limezibwa vizuri siyo kwa ajili ya wezi tu, ni vumbi na ule moshi wa mafuta ya ndege, na watu elfu kibao wanapita wanapumua. Nguo haitundikwi kwenye henga, sanamu inachongwa na kujazwa kufuata mwili wa aliyeivaa, unaweza kukaa siku nzima na gauni moja unaongeza pamba begani kwa vidole.

Na pale ni nchi ya matetemeko. Kule California kikombe hakikai tu kwenye kioo, chini yake kuna vidonge vidogo vya nta maalumu au kishikio cha waya mwembamba uliopakwa rangi ya kikombe. Ukirudi inama usogeze macho usawa wa rafu, uangalie chini ya kikombe, utakiona kishikio. Ukishajua huwezi tena kuangalia kabati lolote bila kutafuta waya, imeshaniharibia matembezi yote na mke wangu.

---

Mzee wa Kona

Asilimia mbili. Haya. Bado nasema wangeweza kufanya soketi za sanaa.

---

Rubani wa Sofa

Lol mzee soketi zitakuua.

Ila hoja yako siyo mpya, na pale Marekani walishaifanyia kazi kabisa, wakajuta. Newark, New Jersey. Kati ya 1936 na 1937 serikali ilikuwa inawalipa wasanii wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi, mchoraji mmoja anaitwa Arshile Gorky akachora paneli kumi kwenye jengo la uwanja, mada yake usafiri wa anga, mabawa, vidude vya rubani, maumbo. Vita ikaja jeshi likachukua uwanja, kuta zikapakwa rangi. Ikaja rangi nyingine juu ya ile. Gorky akafa, akawa jina kubwa, ndo watu wakaanza kuuliza ile kazi iko wapi. Mwaka 1973 wakakwangua wakazipata paneli mbili chini ya rangi tabaka 14. Mbili kati ya kumi. Ziko makumbusho ya Newark sasa.

LaGuardia pale New York vilevile, kwenye terminali waliyojenga kwa ajili ya hizohizo ndege boti za Pan Am. James Brooks alizungusha mchoro ukuta mzima wa duara, mita 72, historia ya binadamu kutamani kuruka, akamaliza 1942. Mwaka 1952 ukapakwa rangi wote. Miaka ya sabini watu wakapiga kelele, ukafunuliwa, 1980 ukarudi na upo mpaka leo. Huyu alibahatika, aliuona unarudi yuko hai.

Ukuta wa eapoti bila mtu ambaye kazi yake ni kuutunza siku moja atakuja bwana mwenye ndoo.

---

Farasi Bluu

Nimecheka avata yangu inahusika kwenye uzi. Denver uwanjani kuna farasi wa bluu urefu zaidi ya mita tisa amesimama kwa miguu ya nyuma macho mekundu yanawaka usiku. Mchongaji Luis Jiménez alikufa mwaka 2006 kipande cha farasi huyohuyo kilipomuangukia karakana, farasi akasimamishwa 2008. Watu wanamuita shetani. Kumbe macho mekundu ni kumbukumbu ya baba yake, alikuwa fundi wa mabango ya taa za neoni. Mara ya kwanza nimemuona saa kumi alfajiri kwenye teksi nikasema dereva rudi.

---

Msafiri Mchovu

Naomba nirudi kwenye swali la masaa matano manake mmeshapaa.

Mkuu Kibegi ukifikia San Francisco ukitokea nje ya nchi huna ujanja wa kukaa ndani, Marekani hawana ile ya kuunganisha ndege bila kupita uhamiaji. Hata unapita tu utapanga foleni, utagongwa maswali, begi kubwa unalichukua, unapita forodha, unalirudisha kwenye mkanda. (Viza unajua, usije ukaahirisha kwasababu ni "transiti tu".) Uzuri wake ni kwamba ukimaliza hayo uko nje tayari, na makumbusho ya anga iko nje, terminali ya kimataifa ghorofa ya kuondokea. Yani adhabu ya foleni inakuleta mlangoni kwake. Hesabu uhamiaji saa moja mpaka mbili siku mbaya, makumbusho dakika 45 zinatosha, halafu wahi sikyuriti. Na uwahi mchana, hawakeshi. Ukija na ndege ya usiku utakuta pamefungwa utaangalia kupitia kioo kama mtoto nje ya duka la keki, mimi yamenikuta.

Halafu hakuna aliyemwambia kuhusu ukumbi wenyewe. Umesema kama lobi ya hoteli ya kizamani. Ni lobi kweli mkuu, ila ya abiria. Walipofungua hiyo terminali ya kimataifa mwaka 2000 ile makumbusho waliijenga kwa mfano wa ukumbi wa abiria wa terminali ya kwanza kubwa ya uwanja huo, ya 1937. Kwa hiyo ulipokuwa unatafuta kitu kikubwa cha kuangalia ulikuwa umesimama ndani yake. Mtu wa 1937 alikuwa anasimama hivyohivyo, dari juu, anasubiri aitwe.

Na kabla ya hapo uwanja ulikuwa malisho ya ng'ombe, waliufungua Mei 1927 wakauita Mills Field. Mwaka 1929 Lindbergh mwenyewe, huyo aliyevuka Atlantiki peke yake, ndege aliyokuwa anaiendesha ilinasa kwenye tope palepale. Magazeti yakawacheka sana.

Kama ungependa kulinganisha, ukipita Amsterdam uwanja wa Schiphol walifungua tawi la Rijksmuseum, makumbusho ya taifa ya Uholanzi, mwaka 2002, michoro halisi ya mabwana wa Kidachi, hiyo iko ndani baada ya pasipoti, nayo bure. Ndogo lakini. Unaimaliza kabla kahawa haijapoa.

---

Kibegi Mgongoni

Jamani nashukuruni sana, nimeprinti uzi wote nitausoma kwenye ndege. Nitaleta mrejesho.

---

Kibegi Mgongoni

MREJESHO. Naandika nikiwa getini.

Uhamiaji imenila saa moja na nusu kasoro, Msafiri Mchovu umepatia. Nikaenda moja kwa moja. Cha kwanza nikasimama katikati ya ukumbi nikaangalia juu, nikamkumbuka mtu wa 1937. Kuna mlinzi mmoja mzee akaniangalia kama anataka kuniuliza nimepotea.

Kabati la kikombe: kikombe hakipo. Kabati lilelile, rafu ileile, sasa zimejaa ratiba za safari za karatasi na vibandiko vya mabegi. Nilisononeka kidogo nikiri, manake nilipanga kuinama nione huo waya. Nikamuuliza yule mzee, akasema vinabadilishwa, kimeenda kupumzika, neno hilohilo alilosema Taa Hafifu. Ila chini ya modeli moja ya ndege boti nikainama mpaka goti likalia nikauona, waya mwembamba kama sindano, umepakwa rangi ya fedha kufanana na bawa. Nimefurahi kama nimeokota hela.

Mama Skafu, yunifomu ilikuwepo moja tu leo, ya buluu, ya miaka ya arobaini kwa maelezo yake. Upindo wa mkono wa kulia umeng'aa kwa kusuguliwa, wa kushoto haujang'aa. Nimekaa nikiwaza, ni wa kubebea trei?

---

Mama Skafu

Ni wa kuegemea viti mwanangu. Ndege ikiyumba unashika kiti kwa mkono mmoja, wa pili una chai ya mtu.

---

Mzee wa Kona

Soketi je?

---

Kibegi Mgongoni

Zina watu.